Pampanga niliyoiona: baluni za alfajiri, upatu wa Wafilipino na mkokoteni wa mboga

MpishiWaRuwi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa kazi za Ghuba kuna mtu aliandika kwamba Wafilipino "wanabebana kwa sababu wako wengi tu". Niliahidi kurudi na maelezo, nimerudi. Nimepika nao jiko moja Muscat miaka sita. Mwaka 2017 mwenzangu mmoja alinichukua likizo hadi kwao Pampanga, kaskazini mwa Manila. Jina lake nalihifadhi, jikoni sote tulimwita Kuya, yaani kaka mkubwa.

Tulipanga likizo iangukie Februari kwa ajili ya tamasha la baluni pale Clark. Ni baluni za hewa moto kama zile zinazobeba watalii Serengeti. Kuya aliniamsha saa tisa usiku, nikamuuliza kama kwao wanakula daku. Uwanjani ndipo nikaelewa. Jua likishapanda, ardhi inapata joto, hewa inaanza kuchezacheza na rubani haaminiki tena hata na mkewe. Kwa hiyo kila kitu kinafanyika kabla hakujapambazuka vizuri.

Kitambaa kinalazwa kwenye nyasi, kirefu kama tanga la jahazi lililotandazwa kukauka. Watu wawili wanashika mdomo wake wazi, feni kubwa inasukuma hewa ya baridi ndani, na kitambaa kinatuna polepole kama andazi kwenye mafuta. Halafu rubani anafungua gesi. Moto unanguruma, uso unakupata joto ukiwa umesimama mbali, na ule mzigo wote unainuka wenyewe kutoka ubavuni hadi wima. Kabla ya hapo nilimwona ameachia kiputo kidogo cha kitoto, kikapaa. Nikadhani ni mbwembwe za ufunguzi, kumbe anapima upepo. Baluni haina usukani, wakuu. Inajua kupanda na kushuka basi. Rubani anatafuta tabaka la upepo linaloelekea anakotaka, na huku chini pikapu inaifukuza barabarani ili ikaipokee itakapotua, hata iwe katikati ya mpunga wa mtu.

Siku ya pili hatukununua tiketi, bei ilikuwa imenyooka. Tulipanda juu ya nyumba ya shemeji yake, zege tupu lenye nondo zimechomoza, tukiwa na chupa ya kahawa na mikate. Juu ya kila nyumba ya mtaa ule kulikuwa na watu. Watoto walikuwa wanapeana baluni: ile ya njano yangu, ile ya milia yako. Nilifurahi kuliko jana yake.

Sasa kwa nini tamasha lile lilikuwa pale. Mlima Pinatubo ulikuwa umelala karibu miaka 500. Tarehe 15 Juni 1991 ukalipuka, na siku hiyohiyo kimbunga kinapita juu yake. Majivu yakalowa mvua, yakawa mazito kama zege bichi, mapaa yakawaangukia watu. Wataalamu walikuwa wameonya na makumi ya maelfu walishahamishwa, vinginevyo tungekuwa tunazungumza mengine. Wamarekani waliokuwa na kambi kubwa ya ndege hapo Clark waliondoka kabla ya mlipuko, na Novemba mwaka huo wakaikabidhi moja kwa moja. Fikiria mji wa Angeles, ulio ubavuni mwa kambi: majivu juu, ajira hakuna. Tamasha likaanza 1994 ili watu wa nje wapate sababu ya kuja tena mahali ambapo habari zake zote zilikuwa za majivu.

Kuya alinipeleka pia Bacolor. Mwaka 1995 tope la mlima, wao wanaita lahari, lilishuka na mvua likafukia mji. Kanisa la San Guillermo limezama karibu nusu yake. Wanaingilia palipokuwa madirisha, na watu wanasali juu ya mchanga uliofunika kanisa lao. Niligusa ukuta pale mlangoni, nikajiuliza miguu yangu iko mita ngapi juu ya sakafu ya babu zao.

Nitaendelea. Ninachotaka kusema ni kwamba yale ya kubebana yana mitambo yake, si tabia ya kuzaliwa nayo.

Kisauti_cha_Tandale

Niko siti ya mbele. Karanga ninazo.

KerioJuu

Ndugu yangu, huku kwetu Kerio Valley wageni huja na miavuli ya kurukia, wanajitosa kutoka ukingo wa juu wa bonde, wanapaa kama tai mchana kutwa. Sisi tunawaangalia, watoto wanakimbia kuwasaidia kukunja kitambaa wapewe kitu kidogo. Swali langu ni moja. Huko Clark mwananchi anapata nini? Ama ni ile tu ya kushangaa juu?

MpishiWaRuwi

KerioJuu, swali zuri na jibu lake halipendezi sana. Hoteli zilijaa, wauza chakula walipata, madereva wa zile jeepney, daladala zao, walipata. Mama yake Kuya alipanga vyumba viwili kwa wageni kutoka Manila, sisi wenyewe tukalala sebuleni. Baada ya siku nne kila kitu kikarudi kama kawaida. Baluni hazikujengea mtu nyumba. Pesa ya kudumu waliipata kwenye balaa lenyewe: mchanga wa lahari. Malori yanauchota mtoni, unakwenda kujengea Manila na kufyatulia matofali.

Mzee Kilimanjaro Kavu

Vijana, salaam. Mwandishi, nimesoma kwa makini. Nikuulize kuhusu wale wenyeji wa mlimani. Nilisoma zamani kwamba kuna watu weusi wafupi, wenye nywele kama zetu, waliokuwa wakiishi Pinatubo kwenyewe. Hao nao wako kwenye baluni?

MpishiWaRuwi

Shikamoo mzee wangu. Hao ni Waaeta, na hawamo kwenye baluni. Mlima ulikuwa wao, wakahamishiwa makazi mapya tambarare, mbali na mashamba na misitu yao. Baadhi walirudi milimani baadaye. Siku tuliyokwenda kuona ziwa lililojitengeneza kwenye shimo la volkano, tuliingilia upande wa Capas kwa gari la magurudumu manne, tunakata mito ya majivu. Aliyetuongoza kwa miguu alikuwa Mwaeta. Watoto wa pale walinishika mkono na kuuweka pembeni ya wao, wanalinganisha rangi, wanacheka. Yule kiongozi akamuuliza Kuya kwa lugha yao kama mimi ni wa kijiji gani. Hakuwa anatania, mzee.

Mlipuko ule kila mtu aliupata, ila waliokuwa karibu zaidi na mlima ndio wako mbali zaidi na faida yake.

Mzee Kilimanjaro Kavu

Marahaba. Nimekuelewa. Endelea.

BintiMakorora

Mimi nilikaa Doha miaka minne kwenye nyumba moja na mpishi wa Kifilipino. Nilimwita Ate, dada mkubwa, maana ukimwita jina kavu kama umemtukana. Wadogo wao wanachukua mkono wa mkubwa wanauweka kwenye paji la uso, "mano po". Nikamwambia kwetu tunatoa shikamoo, akafurahi kweli, kila asubuhi ikawa ananiambia "marahaba" kabla sijafungua mdomo.

Sasa hiyo mitambo anayosema kaka ninaijua mmoja. Wanaita paluwagan. Ni upatu, jamani, upatu wetu ule wa Tanga. Neno lenyewe linatokana na kulegea, kupata nafasi ya kupumua. Tulikuwa watu kumi, riyali 200 kwa mwezi, zamu kwa kura. Ate ndiye mshika daftari, daftari la shule lenye picha ya paka. Mwezi wa saba mmoja aliyekwisha kupokea akaenda likizo kwao, na simu ikazimika. Mnajua kilichotokea? Ate alilipa pengo kutoka mfukoni mwake miezi yote mitatu iliyobaki. Nilimwambia mbona unajiua. Akanijibu neno moja: hiya. Haya. Aibu. Akasema pesa inarudi, uso haurudi.

Lakini hakukaa kimya. Mama yake kule alitoka na karatasi hadi kwa mkuu wa barangay wa yule mkimbizi. Barangay ni kama serikali ya mtaa, ndogo kabisa, nchi nzima zipo zaidi ya 42,000. Pale kuna baraza la usuluhishi, majirani wanakalishwa kabla kesi haijakwenda mahakamani. Familia ya yule mdeni ikaitwa ikakaa kwenye viti vya plastiki mbele ya watu inaowajua wote. Pesa ilirudi kwa mafungu. Ate alipata yote isipokuwa mia moja na kitu, nayo akasema ni sadaka.

Kisauti_cha_Tandale

Huku kwetu mshika pesa wa kikoba ndiye wa kwanza kuzima simu. Nimekula karanga zote.

KerioJuu

Kwetu chama huwa na katiba na mhazini na faini ya kuchelewa, na bado mtu hutoroka. Lakini hiyo ya kuitwa mbele ya majirani imeingia.

Sanifu_wa_Hoja

Naomba nipinge kidogo. Mnawasifia mno. Harambee, msaragambo, ujima, hata sisi tunayo, na tunajua ilivyogeuzwa. Serikali haijengi darasa, inasema wananchi wajitolee. Serikali hailipi hospitali, familia inatengeneza kundi la WhatsApp. Huko Ufilipino nako ni hivyohivyo. Kubebana kukishakuwa sifa ya taifa, mwenye wajibu anakaa pembeni anapiga makofi.

Baharia_Kizingo

Nimekuwa nikisoma kimyakimya, hii imenitoa. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko melini tangu 2009. Meli za mizigo bila Mfilipino ni kama chapati bila maji. Serahangi wetu, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, alikuwa mtu wa kisiwa cha Leyte. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga walichokiita Yolanda kilipiga kwao. Tulikuwa katikati ya bahari, tunaona kwenye taarifa kwamba maji yameingia Tacloban, mji wa kisiwa hicho, kama ukuta. Waliokufa walihesabiwa zaidi ya 6,000.

Nahodha alimpa simu ya setilaiti bila kuuliza gharama. Haipokelewi. Siku tisa. Alikuwa anapaka rangi reli ileile, akimaliza anakwangua anapaka tena. Hakuna aliyemzuia. Wenzake walipitisha karatasi, kila mtu aandike kiasi, wakatwe kwenye mshahara. Na sisi Waswahili wawili tuliandika. Siku ya kumi mkewe akampigia kutoka Cebu, wako hai, nyumba haipo.

Sasa Sanifu, nikuunge mkono kwa maneno yake mwenyewe serahangi. Gazeti moja liliandika kwamba Wafilipino ni wastahimilivu, wanatabasamu hata kwenye mafuriko. Akalikunja akalitupa baharini. Akasema, tunatabasamu kwa sababu kuna kamera, halafu kamera ikiondoka nani anajenga ukuta wa bahari? Vijana wao siku hizi wamechoka kabisa na hilo neno la ustahimilivu. Septemba 21, 2025 walijaa bustani ya Luneta na barabara ya EDSA kule Manila kwa hasira ya fedha za miradi ya kuzuia mafuriko zilizoliwa. Tarehe yenyewe haikuwa ya kubahatisha, ndiyo wanayokumbukia Marcos baba, rais wa wakati huo, alivyotangaza utawala wa kijeshi 1972.

Sanifu_wa_Hoja

Baharia, hapo umenimaliza. Nilikuwa nabisha, sasa nasikiliza.

MpishiWaRuwi

Baharia pole na hongera. Sanifu, usikae kimya, maana unachosema ndicho kilichomkuta binti mmoja wa Quezon City.

Aprili 2021, korona imebana, watu wamefungiwa, kazi hakuna. Ana Patricia Non akaweka mkokoteni wa mianzi mtaa wa Maginhawa tarehe 14. Juu yake mboga, mchele, makopo, barakoa. Akabandika boksi lililoandikwa kwa kalamu nzito: toa kwa kadiri ya uwezo wako, chukua kwa kadiri ya mahitaji yako. Hakuna fomu wala kitambulisho, na hakuna mtu wa kukupiga picha ukipokea. Ndani ya siku chache mikokoteni kama ule ilikuwa mamia nchi nzima. Wakulima walileta viazi vitamu, wavuvi wakaleta samaki. Kuya alinionyesha simuni barangay yao nao wamepanga meza mbele ya uwanja wa mpira wa kikapu.

Hata wiki haijaisha, kurasa za polisi mtandaoni zikaanza kumhusisha na wakomunisti. Kwao hilo si jambo la mchezo, ukishabandikwa jina hilo unaweza kupotea. Akasimamisha kwa muda kwa usalama wake na wa wenzake, meya akamtetea, akaendelea. Mimi nilijiuliza, mkokoteni wa mboga unamtishaje mtu mwenye bunduki? Kuya akasema mboga haitishi, foleni ndiyo inayotisha. Foleni inaonyesha nani ana njaa.

Kwa hiyo Sanifu, mtu anaweza kumbeba jirani yake na wakati huohuo akawa anamuumbua mwenye wajibu.

BintiMakorora

Foleni ndiyo inayotisha. Kaka, hapo nimeweka simu chini kidogo.

mpwa_wa_Nungwi

Mnaongea siasa tu, chakula je? Mpishi mzima unaandika nusu uzi bila kutaja sahani moja. Zile tamthilia zao mama yangu alizokuwa akitazama mpaka wali unaungua, kila familia ina meza kubwa na vyakula havieleweki.

MpishiWaRuwi

Haha, mpwa umenishika. Haya. Bibingka. Unga wa mchele, tui la nazi, sukari, mayai, inamiminwa kwenye chombo kilichotandikwa jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Nilipouona nikapiga kelele pale barabarani: huu ni mkate wa kumimina! Muuzaji akadhani nimeungua. Wao wanauongezea jibini na yai la chumvi juu, na hapo tukatofautiana. Unauzwa nje ya makanisa mwezi wa Desemba, wakati wanaposali alfajiri siku tisa mfululizo kuanzia tarehe 16. Huku Ghuba ibada hizo zinasogezwa jioni kwa sababu ya zamu za kazi, na bibingka inaokwa kwenye oveni ya hoteli, meneja akiwa amelala.

mpwa_wa_Nungwi

Jibini kwenye mkate wa kumimina. Naripoti huu uzi kwa wasimamizi.

Sanifu_wa_Hoja

Mleta uzi, ulisema kuna mitambo. Dada katupa upatu na aibu, wewe umetupa mkokoteni. Kuna mwingine?

MpishiWaRuwi

Upo, na huu ni mtambo kwelikweli, una nyaya.

San Fernando, mji mkuu wa Pampanga, kila Desemba barangay zinashindana kwa taa. Usifikirie fanusi ya Ramadhani. Taa moja ina kipenyo cha futi ishirini hivi na balbu maelfu, zinacheza rangi kwa kufuata muziki. Mimi nilifika Februari, msimu umeshapita, lakini mjomba wake Kuya ni fundi na taa yao ilikuwa imelazwa nyuma ya nyumba kama mzoga wa nyangumi.

Nikategemea kompyuta. Mjomba akanionyesha ngoma za chuma, kama pipa la mafuta lililolazwa ubavu kwenye ekseli, zimepangwa safu. Ngoma imebandikwa vipande vya utepe wa karatasi wenye gundi kwa mpangilio. Juu yake zimejipanga pini za nywele, zile za akina mama, kila pini na waya wake unaokwenda kwenye kundi la balbu. Unazungusha ngoma kwa mkono kama gurudumu la meli. Pini ikikanyaga chuma kitupu, umeme unapita, balbu zinawaka. Ikikanyaga gundi, zinazima. Muziki wote umeandikwa kwa gundi. Alinipa nizungushe, nikazungusha haraka mno, akanipiga kofi la mkono, taratibu, ni wimbo huo.

Na gharama? Taa ile haiwezi kulipwa na mtu mmoja. Kwenye ukuta wa ofisi ya barangay kulikuwa na karatasi ndefu, imepauka kwa jua: jina, kiasi, jina, kiasi. Mwingine ameandikiwa peso 20. Mwingine kuku wawili, wa kuwalisha mafundi. Aliyeko Riyadh yumo, aliyeko Italia yumo. Nilikuta hata mstari mtupu, jina lipo, kiasi hakipo. Nikamuuliza mama yake Kuya, huyu vipi? Akasema huyo bado, na kila mtu akienda kuchukua cheti anaona kwamba bado.

KerioJuu

Hiyo karatasi ni kali kuliko mahakama.

Sanifu_wa_Hoja

Na yule ambaye hana kabisa? Ananyongwa ukutani hivyohivyo?

MpishiWaRuwi

Nilimuuliza hilohilo. Akasema wasio nacho hawaandikwi jina mpaka waje wenyewe na chochote, hata siku moja ya kusokota nyaya. Mwandishi wa ile karatasi anawajua wote, ndiyo kazi yake. Sikupata muda wa kuhakiki kama kweli kila mara iko hivyo, na mama yeyote husifia mtaa wake.

Siku ya kuondoka tulipita ofisini kuaga. Mama akachukua kalamu akaandika chini kabisa: Mwafrika wa Kuya. Akanigeukia ananitazama, na mkuu wa barangay naye akaacha kupepea akanitazama. Nikatoa peso 500. Akaandika, akapiga mstari.

Baharia_Kizingo

Hahaha, wamekupata.

BintiMakorora

Kaka, na ile taa ya mwaka huo ilitokaje? Ilishinda?

MpishiWaRuwi

Walishindwa. Kuya alinitumia video Desemba, katikati ya wimbo kona moja ya kushoto ilizima kabisa, pini imefyatuka. Unamsikia mjomba anatukana nyuma ya taa. Video ninayo kwenye simu ya zamani, nikitoka zamu usiku nitaitafuta niipandishe.